UZI: Jiko la presha la umeme nyumbani. Maharage, LUKU na yale ambayo muuzaji hakuambii

Mama Njano (Mbeya)

Wakuu, habari za jioni.

Kila anayeuliza humu kuhusu jiko la presha la umeme hupewa moja ya majibu mawili: "nunua, hutajuta" au "linakula umeme, achana nalo". Hayo si majibu. La kwangu limeshakaa jikoni muda wa kutosha, nina ya kusema, na wenye uzoefu mwingine waongezee.

Nazungumzia lile la kukaa juu ya meza, lenye sufuria ya ndani inayotoka na mfuniko wa kuzungusha hadi ufunge. Wengine wanaliita presha kuka ya umeme, wauzaji wanaliita multi kuka kwa sababu ya vitufe vingi: wali, nyama, uji, keki, kukaangia, kutunza joto. Langu ni la lita 6, wati 1,000.

Huku Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100 kama ya Dar. Ukiongeza moto hayapati joto zaidi, yanakauka tu haraka. Ndiyo maana mgeni wa Pwani akipika maharage huku anadhani kauziwa kokoto. Ndani ya jiko hili mvuke umefungiwa, kwa hiyo presha inapanda na maji yanafika nyuzi 112 hivi kwa huku kwetu. Nyuzi 18 za ziada kwenye maharage ni jambo kubwa kuliko mnavyodhani.

Namna ninavyopika: Njano Uyole nusu kilo, naloweka usiku, asubuhi namwaga maji yale, naweka mapya yanayofunika maharage na kupita juu vidole viwili, chumvi, kijiko cha mafuta. Dakika 15 za presha. Nisipoloweka, dakika 40. Kisha naliacha presha ishuke yenyewe, sigusi valvu ya kutolea mvuke. Nyanya na kitunguu vinakaangwa baadaye, kwa sababu nyanya ina asidi na ukiianza mapema maharage yanakuwa magumu kuiva. Hilo bibi zetu walilijua bila kitabu.

Angalizo: dakika zinazoandikwa kwenye jiko zinaanza kuhesabiwa presha ikishajaa. Kabla ya hapo kuna dakika 10 hadi 20 za kupasha, na baadaye kuna muda wa kushuka. Anayekwambia "maharage kwa dakika 15" amekuficha nusu saa.

Lisilofaa: ugali. Kwa kitufe cha kukaangia utasongeka, lakini sufuria inazunguka na mwiko, na ule utando wa ndani unachubuka. Mchicha na matembele hayahitaji presha, yatakuwa uji. Chapati usiulize. Kwa hiyo gesi yangu bado ipo, ila mtungi unakaa muda mrefu kuliko zamani, maana vilivyokuwa vinaimaliza ni maharage, makande na kongoro.

---

kibarua_mstaafu

Nimeweka kambi. Mke wangu anasoma pembeni.

---

Mzee wa Mkaa (Mbagala)

Mleta uzi umeandika vizuri ila mimi sinunui. Makande naweka kwenye mkaa saa mbili usiku, nafunika majivu, asubuhi yameiva na yana ladha ambayo hicho kidude cha Wachina cha juzi hakiwezi kuitoa. Na mkaa haukatiki katikati ya mapishi.

---

Mbongo Toronto

Mzee wa Mkaa shikamoo. Si kidude cha juzi. Mfaransa Denis Papin alitengeneza chungu cha kufungia mvuke mwaka 1679 akiwa London, na yeye ndiye aliyekiwekea valvu ya usalama. Kilichokuja juzi ni kukiunganisha na umeme na kompyuta ndogo inayojua lini izime. Instant Pot, ambayo ndiyo imelitangaza sana jiko hili huku Amerika Kaskazini, ilitoka 2010, kazi ya Robert Wang na wenzake pale Ottawa.

Nilichojia hasa: ndugu zangu mlioko Marekani na Kanada, msiwabebee wazazi haya majiko. Ya huku ni ya volti 120. Nyumbani ni 230. Ukilichomeka linaungua, na transfoma ya kubeba wati 1,000 ni nzito na bei yake inakaribia ya jiko. Tuma pesa, mzazi anunue hukohuko lenye dhamana ya hukohuko.

---

Mzee wa Mkaa (Mbagala)

Marahaba mwanangu. 1679 hapakuwa na LUKU.

---

Uniti75

Sasa tumefika kwenye LUKU, hapa ndipo watu wanapodanganyana, tupige hesabu.

TANESCO wana makundi mawili yanayotuhusu majumbani. Kundi la matumizi madogo, ambalo mtaani tunaliita tarifu 4: shilingi 100 kwa uniti, mradi usizidi uniti 75 kwa mwezi. Ukizidi, kila uniti ya ziada ni 350. Kundi la kawaida: 292 kwa uniti, hata ukitumia moja. Juu ya hapo weka VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Kwa hiyo uniti moja inakufikia kwa 122, au 427 ukishavuka 75, au 356 kwa kundi la kawaida. Kodi ya jengo siihesabu, hiyo utalipa hata ukila mkate mkavu.

Jiko la wati 1,000 halimaanishi uniti moja kila saa. Linavuta umeme kamili likiwa linapasha. Presha ikijaa linajizima, linajiwasha kidogo, linajizima tena. Kupima ni rahisi: zima kila kitu ndani, soma mita, pika, soma tena. Maharage nusu kilo kwangu yanakula kama theluthi ya uniti. Kilo nzima yanafika nusu uniti. Tuchukue nusu:

tarifu 4 chini ya 75: shilingi 61
kundi la kawaida: 178
tarifu 4 uliyevuka 75: 213 na ushee

Mzee wa Mkaa, kopo la mkaa Mbagala ni shilingi ngapi leo?

---

Mzee wa Mkaa (Mbagala)

Usinilazimishe kusema mbele ya watu.

---

Uniti75

Ila nami niwe mkweli upande wa pili. Mwenye tarifu 4 anayekaa uniti 68 au 70 kila mwezi kwa friji na televisheni, jiko hili linaweza kumvusha. Ukipika nalo kila siku wastani wa nusu uniti, hizo ni uniti 15 kwa mwezi. Angalia mwezi wako unaishia wapi kabla hujaenda dukani. Na aliyeko kundi la kawaida hana cha kuogopa, kwake uniti ya kwanza na ya mia bei moja.

Wanaosema "umeme ni ghali kupikia" wanakumbuka lile jiko la koili. Lile kweli. Maharage saa mbili juu ya koili, mfuniko unacheza, joto lote linapasha ukuta wa jiko, unamaliza uniti moja na nusu au zaidi. Haya ni mambo mawili tofauti.

---

mpangaji_sinza

Na sisi tunaochangia mita moja wapangaji sita? Mama mwenye nyumba akisikia neno "jiko la umeme" anakuja na kikao. Nimemweleza hizi hesabu za theluthi ya uniti akanijibu, "mwanangu, hata pasi mliniambia hivyohivyo".

---

kibarua_mstaafu

Huyo mama ana akili. Nunua mita ndogo ya kupimia, ya kuchomeka kwenye soketi, inaonyesha uniti ulizotumia. Mwekee mezani asome mwenyewe. Bila ushahidi hata mimi ningekuitia kikao.

---

Fundi Soketi (Mwanjelwa)

Dada Mama Njano tuko mji mmoja, salamu. Mimi natengeneza haya majiko. Niseme yanayokuja mezani kwangu, maana hakuna muuzaji atakayekwambia.

La kwanza, maji au uji kumwagwa ndani ya jiko bila sufuria. Mtu ameamka usingizini, ametoa sufuria kuosha, amerudi akamimina maji moja kwa moja kwenye sahani ya moto. Au ametuma mtoto. Maji yanashuka kwenye waya na kadi ya umeme. Ikikutokea, chomoa kwenye soketi hapo hapo, pindua jiko, na usiwashe kujaribu. Likiletwa bila kuwashwa mara nyingi linapona.

La pili, punje ya mchele chini ya sufuria. Katikati ya sahani kuna kitufe cha chuma kinachobonyea kwa springi, hicho ndicho kinachosoma joto. Sufuria isipokaa sawa juu yake, jiko linasoma uongo. Linaunguza chakula, au linajizima kabla ya wakati, au linakata fyuzi ya joto. Futa sufuria kwa nje, futa sahani, kila unapopika.

La tatu ndilo linalotisha: ekstensheni. Wati 1,000 kwa volti 230 ni ampea 4 na kitu, si mzigo mkubwa kwa soketi nzuri ya ukutani. Lakini zile ekstensheni za bei ya kutupa zina waya mwembamba kuliko wa chaja, na zinaning'inia na friji, redio na birika kwa pamoja. Plagi inayeyuka. Chomeka ukutani. Ukishika plagi baada ya kupika ukaikuta ya moto, soketi yako imelegea, ita fundi kabla ya kesho.

Kuna jambo la umeme mdogo pia. Vijijini huko, na hata mitaa mingine ya mjini saa za jioni, volti inashuka hadi 180. Watu wanadhani jiko limechoka. Nguvu ya hita inashuka kwa kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo kwenye 180 jiko lako la wati 1,000 limebaki na wati 612 hivi tu. Linachukua muda kujaa presha, na mengine yanatoa herufi za kosa kwa sababu yamesubiri mno. Pika mchana au usiku mwingi, utaona tofauti.

Umeme ukikatika presha ikiwa imeshajaa, usifungue. Acha. Mwili wa jiko una insulesheni, maharage yanaendelea kuiva yenyewe. Umeme ukirudi majiko mengi hayaendelei pale yalipoishia, unabonyeza upya dakika chache.

---

Githeri_Tu (Nairobi)

Wadau wa Bongo habari zenu. Huku kwetu stima na tokeni ni kilio hichohicho, na Kenya Power wenyewe walianzisha kampeni ya Pika na Power kufunza watu kutumia hizi pressure cooker za stima. Nairobi tuko karibu mita 1,800, kwa hivyo namwelewa Mama Njano kabisa kuhusu maji.

Githeri: mahindi makavu na maharagwe, umeloweka usiku mzima, dakika 40 na yashuke yenyewe. Lakini tahadhari kuhusu mapishi ya video: mengi yanapikwa na watu walio karibu na usawa wa bahari. Kanuni inayotumika ni kuongeza asilimia 5 ya muda kwa kila mita 300 ukishapita mita 600. Sisi wa huku juu tunaongeza kama asilimia 20. Dakika 30 za Mombasa ni 36 za Nairobi.

---

Bi Mkubwa wa Mkunazini (Unguja)

Assalaam aleikum jamani. Nyinyi wa bara maharage, maharage. Mie nalitumia kwa pweza. Pweza mbichi, usitie maji mengi, maana mwenyewe anatoa maji. Kikombe kimoja tu cha kuanzishia, dakika 15, analainika bila kupigwa. Baadae ndio unamtia tui.

Na hapo kwenye tui nisikilizeni: tui zito halifungiwi kwenye presha. Litakatika, utapata mafuta juu na maziwa ya madonge chini. Pikia tui jepesi, tui zito litie mwisho mfuniko ukiwa wazi, kwa moto wa kukaangia, likikaribia kutokota zima. Wali wa nazi ni hivyo hivyo, utie tui jepesi.

Pilau linatoka vizuri sana, ila kaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya kahawia humohumo, tia nyama na bizari, halafu ukitia maji kwangua chini kwa mwiko wa mbao mpaka pasiwe na kilichogandia. Usipokwangua jiko linaona pale chini panaungua, linagoma.

Maji ya wali: kikombe cha mchele kwa kikombe cha maji, basi. Mvuke hauondoki, huna sababu ya kutia viwili.

---

Mama Njano (Mbeya)

Bi Mkubwa ahsante, la pilau ni kweli tupu. Kwa mchele wa Kyela naongeza kidogo juu ya kikombe kimoja ukiwa wa zamani. Mpya kikombe kwa kikombe, vinginevyo ni bokoboko.

---

Bwana Lishe

Nina jambo moja na nitalisema kwa mkazo. Baadhi ya haya majiko yana kitufe cha kupika polepole, saa sita au nane kwa moto mdogo bila presha. Msipikie maharage makavu kwa kitufe hicho, hasa maharage mekundu.

Maharage mabichi yana sumu ya asili, aina ya lektini inayoitwa fitohemaglutinini. Punje chache zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu mzima na kumharisha ndani ya saa chache. Mchemko mkali unaiharibu, na presha inaiharibu vizuri zaidi. Ila joto la kama nyuzi 80, ambalo ndilo la kupika polepole, haliiharibu, linaweza hata kuizidisha. Maharage yanaonekana yamelainika, mtu anakula, usiku anajua. Loweka saa tano au zaidi, mwaga maji, pika kwa presha. Kitufe cha polepole kiachieni supu na nyama.

---

Mzee wa Mkaa (Mbagala)

Kumbe na makande yangu ya majivu?

---

Bwana Lishe

Mzee wangu, kama unayachemsha kwanza yakatokota kwelikweli nusu saa ndipo unafunika majivu, hakuna neno. Ukianza na majivu tangu mwanzo, badilisha utaratibu.

---

Mzee wa Mkaa (Mbagala)

Yanatokota kwanza. Mke wangu hawezi kuniua.

---

msafiri_wa_gesi

Mbona hakuna anayetaja presha kuka ya kawaida, ile ya filimbi, ya kuweka juu ya gesi? Inapika vilevile, haihitaji umeme, hakuna kadi ya kuungua, fundi hana kazi. Bei yake ni ndogo. Haya mengine ni kampeni tu za nishati safi, serikali inataka asilimia 80 ya watu waitumie ifikapo 2034 na kila mtu anauziwa kitu.

---

Mama Njano (Mbeya)

Hoja yako ina uzito, na kwa mtu ambaye umeme wake unakatika kila siku ningemshauri hiyo ya gesi. Inafika hata joto la juu kidogo. Tofauti ni nani anasimama jikoni. Ya gesi lazima uwepo usikilize, upunguze moto, uhesabu dakika. Ukisahau maji yanakauka na sufuria inaungua. Hii ya umeme naweka maharage, naenda dukani kwangu, narudi yameiva na yako moto. Kwa mama anayefanya biashara hicho ndicho anachonunua. Lengo la serikali halinihusu ninapokuwa na wateja watatu mlangoni.

---

mpangaji_sinza

Mama mwenye nyumba amekubali kwa sharti la hiyo mita ndogo. Sasa nichukue lita ngapi? Niko mimi, mke na mtoto mmoja. Dukani wananisukumia la lita 8.

---

Fundi Soketi (Mwanjelwa)

Lita 5 au 6. Lita zinazoandikwa ni mpaka ukingoni, na hutakiwi kujaza zaidi ya theluthi mbili. Kwa maharage, mahindi na chochote kinachovimba au kutoa povu, nusu tu. Kwa hiyo la lita 6 ni lita 3 za maharage na maji yake, ambayo kwenu ni chakula cha siku mbili. La lita 3 litakubana siku ya mgeni. La 8 linatumia nguvu zaidi kupasha chombo chenyewe.

Angalia mambo haya ukiwa bado dukani: sufuria ya ziada inapatikana? Mpira wa mfuniko unauzwa peke yake? Plagi ni ya miguu mitatu ya bapa, au wamekuwekea adapta? Kama hawana mpira, hama duka. Mpira unalegea na unashika harufu, lazima siku moja utaubadilisha. Wengine wananunua miwili kabisa, mmoja wa wali na keki, mmoja wa makongoro na utumbo.

Na kila baada ya maharage toa kile kifuniko kidogo cha chuma kilicho ndani ya mfuniko, osha, pitisha maji kwenye tundu la valvu. Ganda moja la haragwe likiziba pale, mvuke unakosa njia yake ya kawaida. Kile kipini kinachopanda na kushuka kisiposhuka, usilazimishe mfuniko. Subiri. Hakuna njaa inayozidi kuungua uso.

---

mpangaji_sinza

Nimeelewa fundi, ubarikiwe. Bado moja: kutoa mvuke kwa haraka nifanye lini, na nisifanye lini?

---

Bi Mkubwa wa Mkunazini (Unguja)

Mboga, ndizi, viazi, pweza: fungulia valvu, vitaiva kupita kiasi ukivisubirisha. Maharage, makande, uji, mtori, kitu chochote cha povu: usifungulie, utapaka dari rojo. Nyama uisubiri robo saa, inatulia na haikakamai. Na usifungulie jiko likiwa chini ya kabati la mbao, mvuke utalibandua. Livute mbele, tumia kijiko kirefu, uso ukae kando.

---

kibarua_mstaafu

Mke wangu anauliza makande ya mahindi ambayo hayajakobolewa, yale magumu kabisa. Tuko Njombe.

---

Mama Njano (Mbeya)

Shikamooni Njombe. Huko mko juu kuliko sisi. Loweka mahindi peke yake usiku kucha. Asubuhi mahindi kwanza, dakika 45, yaache yashuke. Kisha ongeza maharage yaliyolowekwa, rekebisha maji yasizidi nusu ya sufuria, dakika 25 nyingine. Magadi hamyahitaji. Karanga na kitunguu weka mwishoni.